Mbwa Ambaye Sikupaswa Kumpima

Wiki tatu zimepita tangu nivue koti la kazi, na tayari Claudine amenitumia ujumbe mara nne. Claudine ni daktari wa mifugo kwenye kliniki yetu, bado kijana, na sasa ndiye mwamuzi mkuu wa maonyesho ya mbwa ambayo chama chetu cha wafuga mbwa huyafanya kila kiangazi kwenye uwanja wa shule moja kule mtaa wa Ngagara. Anataka niwaandikie yeye na wenzake jambo moja: ni lini mwamuzi amtoe mbwa uwanjani, na ni lini mwamuzi mwenyewe aseme huyu simpimi. Nilimjibu kwamba kanuni zimo kwenye kijitabu. Akaniandikia: "Muzee, kijitabu nimesoma. Mi nataka yenye haiko mu kijitabu." Haya basi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo Claudine ainame na asome mpaka mwisho.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi, nimezaliwa katika nyumba iliyobanwa kati ya msikiti na gereji. Nilipopata kazi ya kufagia na kuosha meza kwenye kliniki ya mifugo, mama yangu aliniuliza, "Jumaine, kazi zote za Mungu zimekwisha?" Kwetu mbwa haingii ndani, na mate yake yana hukumu yake. Nilikwenda kwa maalim wetu kuuliza. Akaniambia kumgusa mbwa mkavu si neno, mate ndiyo yanayooshwa mara saba, moja kwa udongo, na kumtibu mnyama kuna thawabu. Nikarudi nyumbani na hukumu hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Tangu siku ile niliweka beseni na kopo la udongo safi nje ya mlango, na koti la kazi halikuwahi kuvuka kizingiti. Mafundi wa gereji walikuwa wakinibwekea nikipita. Baadaye walianza kuniletea mbwa wao wanaolinda vipuri, tena kwa adabu na salamu ndefu.

Aliyenifundisha kazi ni Madamu Godeliva, daktari mwenye kliniki. Alikuwa mfupi, hapendi maneno mengi, na alikuwa na mkono ambao mbwa mkali aliutii kuliko alivyomtii mwenye kumlisha. Chama kilipoanzisha maonyesho, yeye ndiye aliyeombwa kuamua, nami nikamfuata nikiwa nimebeba vifaa: fimbo ya kupimia kimo, taulo nyeupe, ndoo ya maji, karatasi na kalamu mbili, kwa sababu moja huliwa na mbwa kila mwaka. Siku ya kwanza aliniambia, "Jumaine, leo usiangalie imbwa. Angalia mikono ya mwenye imbwa." Nilidhani ananitania. Kufikia saa sita nilikuwa nimeelewa. Mwenye mbwa mzima huishika kamba kwa ulegevu. Mwenye kuficha kitu mkono wake haukai, mara uko mgongoni mwa mbwa, mara kwenye paja, mara unafunika sikio.

Taulo ile nyeupe ilikuwa na kazi. Unailowesha, unaikamua, unampitishia mbwa mgongoni mara moja tu. Mwaka wangu wa pili alikuja bwana mmoja na mbwa mweusi anayemeta kiasi cha kutia wivu. Nilipopitisha taulo ilitoka nyeusi, na mgongo wa mbwa ukabaki na baka la kijivu. Bwana yule alikuwa ametumia rangi ya viatu. Mbwa mwenyewe alinusa taulo, akapiga chafya, akaenda kukaa mbali na bwana yule. Mbwa aliyepakwa rangi, aliyeshonwa sikio lisimame, aliyepewa dawa ya usingizi ili aonekane mpole, huyo anatoka, hakuna mjadala. Hatumtoi kwa sababu ni mbaya. Tunamtoa kwa sababu aliyesimama mbele yetu si yeye.

Kuna na wale wanaotoka kwa maumbile. Nakumbuka mtumishi wa serikali, mkazi wa Ngagara hapo hapo, aliyekuja na suti na dume zuri la kifua kipana. Mkono wangu ulipofika nyuma ulikuta korodani moja. Nikatafuta ya pili kwa muda ambao haukumfurahisha yeyote kati yetu watatu. Nikamwambia kwa heshima. Akavuta miwani chini, akasema, "Mais lakini, ile ingine iko ndani. Inaogopa watu." Nikamwambia itakapozoea watu amrudishe. Hakurudi, ila kila tulipokutana njiani aliniita "yule wa hesabu".

Mengine sitayarefusha kwa sababu kila mmoja wenu anayajua. Mbwa akitaka kung'ata, hata kama hakumpata mtu, anatoka. Akichechemea anatoka, na usikubali kuambiwa kwamba alilalia mguu. Jike likiwa kwenye joto libaki nyumbani, la sivyo hutampima mbwa mwingine yeyote siku hiyo. Mwenye kumpiga mbwa wake mbele yako atoke yeye pamoja na mbwa, ingawa mbwa hana kosa. Na mbwa usiyeweza kumwekea mkono usimwekee alama, hata jaji wa mahakama akikuapia kwamba meno yapo yote. Haya nimeyafanya miaka mingi na usingizi wangu haukupungua.

Sasa nifike kwenye lile lililoupunguza.

Chama chetu kilikuwa na desturi ambayo wageni waliishangaa. Mwamuzi akimtoa mbwa, alipaswa kuchukua kipaza sauti na kusoma mbele ya watu wote jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, na sababu. Desturi ilikuwa na chanzo chake. Miaka ya mwanzo watu walikuwa wakinung'unika kwamba fulani katolewa kwa chuki na fulani kabakizwa kwa ujirani, basi wazee wa chama wakaamua kila kitu kisemwe hadharani. Mimi nilikuwa shabiki mkubwa wa desturi hiyo. Nilikuwa na sauti nzuri na nilijua nina sauti nzuri.

Mama Furaha alitoka Uvira, amevuka mpaka na watoto wake watatu, akapanga chumba mtaa wa Jabe na kukaanga mandazi karibu na soko. Kwenye ua wao kulikuwa na mbwa aliyeachwa na mpangaji aliyehama. Akamlisha, akamwita Bahati, na Bahati akawa mbwa wa kweli: mwekundu wa udongo, mgongo ulionyooka, macho ya kukusoma. Mchana mmoja alimleta kliniki amembeba mikononi kama mtoto. Mbwa alikuwa ameanguka uani, akatetemeka, povu likamtoka, halafu akaamka asijue alipo. Madamu Godeliva alimpima, akauliza maswali, akasema ni kifafa. Dawa ipo, ataishi, ila asizalishwe.

Mama Furaha hakulia. Alitazama mlango kwanza, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Madamu, hii maneno ibakie hapa. Kwetu batu banaogopa hii ugonjwa. Banasema mate yake inaambukiza. Na mi minakaangaka chakula."

"Haitoki hapa," Madamu akamjibu. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Niliitikia kwa kichwa.

Kiangazi kilichofuata nikapewa kundi langu la kwanza kuamua peke yangu. Madamu alikaa mezani na karatasi. Mbwa wa nne kuingia alikuwa Bahati, ameoshwa, na Mama Furaha amevaa kitenge kipya, watoto wake kwenye kamba inayozunguka uwanja wanampungia mkono. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakutaka kombe. Alikuwa amekaa katika mji huu muda mrefu akiitwa "mukimbizi" na "yule mama wa mandazi", akataka siku moja jina lake kamili lisomwe kwenye kipaza sauti na watu wapige makofi.

Nilimpitishia Bahati mkono kutoka pua hadi mkia. Nawaambia ukweli: mkono haukukuta kitu. Meno, macho, miguu, mwendo, yote sawa. Alikuwa mbwa bora uwanjani. Na hapo ndipo nikaanza kufikiri, jambo ambalo mwamuzi anapaswa kulimaliza kabla ya kuingia. Nilijua kwamba wa kwanza huombwa kuzalisha. Nilijua kwamba kifafa hurithiwa. Nikajiambia: Jumaine, ukimpa nafasi ya kwanza unawadanganya watu, ukimnyima bila sababu unamdhulumu. Nikaona njia ya mkweli ni moja. Nikachukua kipaza sauti, nikasoma jina lake kamili, jina la mbwa, nikasema, "Anatolewa. Ana kifafa."

Watu hawakupiga kelele. Walirudi nyuma. Mama mmoja aliyesimama karibu na watoto wa Mama Furaha aliwavuta watoto wake mwenyewe kwa mikono miwili. Mama Furaha alinitazama. Akamwita Bahati kwa jina, wakatoka kwa lango la nyuma, na watoto wakamfuata.

Nilirudi mezani nikitegemea kusifiwa. Madamu Godeliva alikuwa ameweka kalamu chini.

"Ile kifafa uliiona wapi?" akaniuliza.

"Kliniki, Madamu."

"Hapa uwanjani uliiona?"

"Apana."

"Basi uliyemutoa si imbwa ya hapa. Ulimutoa mugonjwa wetu." Akaongeza, "Mbele ya yeye kuingia ungesema maneno matatu tu: huyu simpimi, namujua. Mi ningemupima. Na habari ya kuzalisha ningemwambia mwenyewe, mu sikio, akanielewa. Ni mama mwenye akili."

Nilijaribu kujitetea kwamba sikusema uongo. Akasema hajasema nimesema uongo. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimewahi kung'atwa makalioni mbele ya gavana.

Wiki ile mandazi ya Mama Furaha yalibaki kwenye beseni. Watu wa Jabe walipita upande wa pili wa njia. Walisema povu la mbwa liko kwenye unga. Watoto wake shuleni wakakosa wa kukaa naye benchi moja. Na kliniki nayo ikaanza kupoa. Fundi mmoja wa Buyenzi, rafiki yangu wa utotoni, aliniambia bila kuficha: "Kaka, imbwa yangu inakohoa, lakini siileti. Siku ya maonyesho utamusoma kwa ile mikro." Mbwa yule hakuletwa hata kuchanjwa. Fikirini mji ambao watu wanaficha mbwa wao wasichanjwe dhidi ya kichaa, kwa sababu mwamuzi mmoja ana sauti nzuri.

Madamu hakunifukuza. Alinipa adhabu ya ajabu kidogo. "Kila asubuhi utavaa koti ya kliniki," akasema, "utaenda Jabe, utakaa pale mbele ya kila mutu, utakula mandazi ya yule mama. Wakuone. Wakuone na kesho uko muzima."

Nikaenda. Asubuhi ya kwanza Mama Furaha aliniwekea mandazi mawili kwenye karatasi bila kuniangalia. Nikala nimekaa kwenye kigoda, na soko zima likinitazama kama mtu aliyepanda mti wenye nyuki. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Siku ya tano aliniambia, "Kula tu. Mi sikukusamehe." Nikasema sawa, nikaomba la tatu, maana yalikuwa mandazi mazuri, yana iliki na hayakunywa mafuta.

Mwezi wa mfungo ulipoingia nikakwama. Sikuweza kula mchana, na kukaa pale bila kula kungesemwa vingine: mnaona, hata yeye ameacha. Nikamweleza Mama Furaha. Akakunja uso, akasema, "Basi beba." Nikawa nabeba beseni zima jioni hadi Buyenzi, nayapanga mandazi kwenye mkeka wa futari nje ya nyumba yetu, na nawaambia watu wazi ni ya nani. Maalim wetu ndiye aliyelichukua la kwanza. Alilitafuna polepole, watu wote wanamwangalia, akasema, "Limepikwa na mtu msafi. Nipe jingine." Baada ya hapo wale mafundi wakawa wanaagiza kwake wenyewe, hata mfungo ulipoisha. Watu wa Jabe wana midomo, lakini pia wana macho, na walipoona Buyenzi inakula na haianguki, wakarudi mmoja mmoja.

Kwenye chama nilisimama kuomba desturi ibadilishwe. Walibishana nami kikao kizima. Mwishowe tukakubaliana hivi, na ndivyo mnavyofanya hadi leo bila kujua ilikotoka: mbwa akitolewa, kipaza sauti kinasema ametolewa tu, na sababu anaambiwa mwenye mbwa sikioni. Lakini mwamuzi akikataa kupima, sababu yake yeye inasomwa kwa sauti. Mzee mmoja alicheka, akasema nimejitengenezea kitanzi. Nilimwambia ndiyo maana yake.

Tangu hapo nimekataa mara nyingi, na nimesema kwa nini. Huyu simpimi, mama yake alizalia mikononi mwangu. Huyu simpimi, ni wa shemeji. Huyu simpimi, nilimfundisha kukaa. Huyu simpimi, tuligombana na mwenyewe kwa sababu ya ukuta. Watu hucheka kidogo, mwamuzi mwingine anaingia, kazi inaendelea. Vijana wengi wanadhani kujitoa ni unyonge. Mimi nawaambia ni sehemu ya kipimo, kama fimbo na taulo. Unachokijua kutoka mahali pengine huwezi kukisahau kwa kuvaa koti, na anayejiambia anaweza ndiye wa kuogopwa.

Bahati aliishi akazeeka, na dawa alikuwa akitumwa mtoto kuichukua dirishani. Mama Furaha mwenyewe hakukanyaga tena kliniki wala uwanja. Tulisalimiana, nilinunua mandazi, tukaulizana habari za watoto. Miaka ikapita hivyo, Madamu Godeliva akastaafu kabla yangu, nami nikajihesabu kuwa nimetubu vya kutosha.

Halafu yakaja maonyesho yangu ya mwisho, kiangazi hiki. Kundi la majike. Claudine alikuwa msaidizi wangu, anashika taulo. Wa sita kuingia alikuwa jike dogo la rangi ya majivu, na aliyeshika kamba alikuwa Mama Furaha, mvi kichwani, kitenge kimefungwa vizuri. Hakumtazama mtu mwingine. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele yangu.

Mbwa yule sikuwahi kumwona. Sikumtibu, sikumzalisha, sikumfundisha. Kwa kijitabu ningeweza kumpima. Nilisimama na mkono nusu njia, kwa sababu nilijua nikimpa wa kwanza nitakuwa ninalipia, na nikimtoa nitakuwa nimemtoa mara mbili. Nikamwomba Claudine kipaza sauti.

"Huyu simpimi," nikasema. "Sababu ni yangu, si ya mbwa. Mwenye mbwa huyu alituachia siri kliniki, nami nikaisoma hapa hapa, kwa kipaza sauti hiki. Watu walimkimbia, yeye na watoto wake. Nilimkosea. Nakuomba radhi, Mama Furaha."

Wengi pale hawakuwa wanakumbuka kitu, walikuwa wadogo au hawakuwapo. Mama Furaha alihamisha kamba kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Miaka yote ile umekula mandazi yangu, Jumaine," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Umekula mpaka ulipata kitambi. Apana hata siku moja ulisema ile neno."

"Nilidhani kula kunatosha."

"Kula ni kula. Kusema ni kusema." Akapumua. "Mi nilikuya leo nione kama utaweka mukono ama utasema. Sasa umesema. Ondoka pale, mutoto apime."

Niliondoka. Nilikwenda kukaa mezani, kwenye kile kiti alichokalia Madamu, na macho yalikuwa yananiwasha na sikuona haya. Claudine alimpima yule jike kwa utulivu: mdomo, macho, mgongo, akamtembeza mara mbili. Halafu akasema ametolewa. Akainama, akamnong'oneza Mama Furaha sikioni, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mama Furaha alisikiliza, akaitikia kwa kichwa mara mbili, akamshika Claudine begani. Akatoka kwa lango kubwa, mbele ya watu, mbwa wake pembeni.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini. Nilipofungua mlango wa kliniki nilimkuta Mama Furaha ameketi kwenye benchi la nje, wa kwanza, jike lake limelala miguuni pake. Tukasalimiana. Claudine alipomwita, aliinuka, akaingia na mbwa, akaufunga mlango nyuma yake, nami nikabaki nje na ufagio.

Alichonong'onezwa pale uwanjani sikijui hadi leo. Nawe Claudine, usije ukaniambia.